Mlango wa Chumba cha Sumaku

Juni 9

Mvua ya kwanza imenyesha Pune leo, na leo ndiyo nimeanza kazi ya mume wangu, Baban. Wenyewe wanasema sasa ni kazi yangu. Mtumishi akifa akiwa kazini, mjane wake hupewa nafasi kwa huruma, na mimi nimepewa kwa majaribio mpaka baada ya sikukuu ya Dasara. Baban alikufa Januari, kwa homa iliyoanza kama mzaha. Hata wiki ile alikuwa akimrusha mwanetu Chimi juu na kumdaka, mtoto akicheka mpaka kwikwi.

Sumaku imesimama katikati ya chumba kama tangi la maji la juu ya paa, ina miguu mitatu. Tumboni mwake mna heliamu, baridi isiyo na mfano, na nje ya heliamu mna naitrojeni inayopungua kila siku. Kazi yangu ni kuiongezea naitrojeni, kukata tando za plastiki za kupimwa, na kulinda mlango. Profesa Barve alisimama nami pale kizingitini. "Chuma kisipite hapa, mama. Hata pini ya nywele. Sumaku hii ni ya zamani, haina kinga, inavuta kama ina njaa. Ikigongwa inapoteza baridi, na ikipoteza baridi imekufa. Mlango ni wewe."

Niliporudi Chimi alinikataa, akamng'ang'ania bibi yake. Baadaye njaa ikamshinda, akaja.

Juni 10

Mvua. Kikapu cha mlangoni, cha kuachia vyuma, kilikuwa na miavuli mingi kuliko funguo.

Juni 13

Leo nimemjua dada Iravati, mwanafunzi wa Profesa. Anasomea udaktari, lakini wa plastiki. Mama mkwe aliposikia alicheka: "Plastiki nayo inaugua?"

Ameolewa mwezi uliopita, hina bado iko mikononi. Alipofika mlangoni nilimwonyesha kikapu. Akaweka saa, simu na funguo. Kisha akashika mkufu wake wa ndoa, ule wa shanga nyeusi.

"Hata huu, wifi?" Baban alikuwa kaka yake hapa kazini, kwa hiyo mimi ni wifi.

"Hata huo, dada. Dhahabu haina neno, ila kile kifungo nani anajua kina nini ndani."

"Mama mkwe wangu akisikia nimevua mkufu wa ndoa mapema hivi, atasema namwombea mwanawe kifo."

"Basi asisikie."

Akacheka, akauvua, akaubusu, akaulaza juu ya saa. Halafu macho yake yakaja shingoni kwangu, na kicheko kikamkauka. Mimi, mjane, sina cha kuvua. Napita mlango ule mwepesi kuliko wote.

Juni 20

Mahujaji wa hekalu la Pandharpur wanapita mjini na machela ya watakatifu wao, barabara zimefungwa. Nimetembea kwenda kazini na kurudi. Mama mkwe aliwapelekea birika la chai. Akarudi amelowa, amefurahi.

Juni 27

Leo nimeuliza. Nilikuwa nakata tando tangu nianze, nikizipanga moja juu ya moja mpaka ziwe bunda dogo, kila moja ina mshale wa wino mweusi, na mishale yote lazima itazame upande mmoja. Nikakosea utando mmoja, dada Iravati akaniambia nianze upya bunda zima. Hakusema kwa hasira. Ila nilitaka kujua ninaanza upya kwa sababu gani.

Akavuta kiti. "Wifi, plastiki hii ukiitazama ni kitu kimoja, laini. Lakini ndani ina fuwele, ndogo kuliko vumbi, na kila fuwele imelala ilivyopenda, kama abiria kwenye sakafu ya stesheni. Mimi nauvuta utando ukiwa moto. Ukivutwa vizuri, wote wanageuka, vichwa huku, miguu kule."

"Na sumaku?"

"Sumaku inawauliza mmelala vipi. Chembe za ndani zinaitika kwa mlio tusioweza kuusikia, kompyuta ndiyo inasikia na kuchora. Wakiwa wamelala ovyo kila mmoja anaitika kivyake, mchoro unakuwa mlima mpana kama gunia la mtama. Wakilala upande mmoja wanaitika pamoja, mlima unakuwa mwembamba, na nikiligeuza bunda ndani ya sumaku, mlima nao unahama. Sasa ukinichanganyia mshale mmoja..."

"Nimekuchanganyia mashahidi."

"Ee! Andika maneno hayo."

Nimeyaandika. Nikamuuliza pia utando wenyewe ni wa nini. Akasema fuwele za aina hii zikilala sawasawa, utando ukiguswa kidogo tu unatoa umeme, mdogo sana. Anataka utandikwe chini ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mtoto akivuta pumzi, utando unahisi. Akisahau kuvuta, utando unamwita nesi.

Nilimtazama Chimi jioni hii alivyolala. Yeye alizaliwa kwa siku zake, namshukuru Mungu. Lakini wako wengine.

Julai 4

Mlima mpana.

Julai 8

Mpana. Mvua haijakatika. Nepi za Chimi hazikauki, nazianika juu ya jiko zinanuka moshi.

Julai 11

Nilikuwa nachukua sabuni ofisini ghorofani. Shangazi Kusum, karani, mtu mzima, kila mtu humwogopa kidogo, akasema bila kuinua macho: "Wengine tuliingia hapa kwa mtihani. Wengine wanaingia kwa mlango wa msiba."

Nikasema, "Shangazi, ningekupa zamu yangu ya kupita mlango huo, ungeichukua?"

Akainua macho. Sikungoja jibu. Nilishuka ngazi na sabuni yangu.

Julai 17

Dada Iravati amebadilisha joto la kuvutia tando. Tando nne zimekatika. Wa tano umevutika, mweupe kidogo katikati. Mlima mpana.

Profesa ameniambia jambo. Wakubwa hawatanunua heliamu nyingine mpaka waone kazi ya Iravati imezaa. Heliamu iliyomo itafika sikukuu ya taa, Diwali, labda. Ikiisha, sumaku inazimwa na chumba kinafungwa. "Na mimi, bwana?" Akasema, "Tuombe mlima upungue, mama." Ni mtu mzuri, ila jambo likiwa zito huanza kupangusa miwani.

Sikumwambia ninachotaka. Nataka kubaki mle. Ningepewa kazi nyingine yoyote Chimi angekula, najua. Lakini mle Baban alisimama kila siku na bomba lile lile mkononi, na mvuke ule mweupe ukimwagika kwenye miguu yake. Mimi nikiongeza naitrojeni, kwa muda ule, sihisi kwamba amekwenda mbali.

Julai 18

Mpana.

Julai 29

Chimi ana homa na kifua. Nimekaa naye hospitali tangu juzi. Mama mkwe alikataa kurudi nyumbani, amelala kwenye benchi.

Leo mchana alikuja, sikuamini macho yangu, shangazi Kusum. Ameshika chupa ya uji wa mchele na sweta la mjukuu wake. Hakusalimia. "Mpe huyu vuguvugu, si moto. Na wewe umekula?" Nilikuwa sijala. Akanitolea mkate wa mtama na kitunguu kutoka kwenye mkoba, akanisimamia mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mume wangu alipougua hakuna aliyeniletea hata maji. Ndiyo nikawa na ulimi huu." Akaondoka.

Agosti 2

Chimi amepona. Sweta linamfika magotini.

Agosti 14

Dari la korido linavuja. Ghorpade, fundi wa karakana, ameweka ndoo kila mahali. "Shemeji, tukikosa heliamu tutafuga samaki." Mtu huyu hata kwenye mazishi ya Baban alichekesha watu, na nilimshukuru.

Mlima umepungua kidogo. Au tunatamani tu.

Agosti 27

Sikukuu ya mungu Ganapati imeingia. Ngoma mtaa mzima. Chimi anacheza kwa kuinama na kuinuka, kucheza kwingine hajui. Shangazi Kusum alikuja na vitumbua vya nazi, akamkalisha mapajani. Sasa namwita shangazi kwa moyo, si kwa adabu.

Septemba 5

Mpana.

Septemba 16

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilipanga bunda la tando mpya, zile alizozivuta polepole usiku wa kuamkia jana, nikakagua mishale mara tatu. Dada Iravati akaliingiza. Tukangoja. Kompyuta hii inachukua saa kadhaa kukusanya mlio, maana mlio wenyewe ni hafifu, lazima uulizwe tena na tena. Saa ya chai akaniita kwa sauti ya ajabu. "Wifi. Wifi, njoo uone."

Mwembamba. Umesimama wima kama mnara wa hekalu. Tukaligeuza bunda, tukangoja mpaka jioni. Ukahama! Akanikumbatia, akalia, nikalia, Profesa akapangusa miwani. Akasema kipimo kimoja hakitoshi kwa wakubwa, bunda ligeuzwe kwa kila pembe, na mabunda mengine ya namna hiyo yapimwe pia, hapo hakuna atakayebisha. Kazi ya mwezi mzima. Heliamu inatosha, akasema. Inatosha kabisa.

Nilitembea nyumbani kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

Septemba 22

Bunda la pili. Mwembamba.

Septemba 27

La tatu, mwembamba. Dada Iravati ananenepa, au ndiyo mambo mengine ya maharusi. Sikuuliza.

Oktoba 1

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Leo ni Khande Navami, siku ya kuviabudu vyombo vya kazi. Dereva huliosha gari akalivisha maua, mshonaji huipa cherehani yake manjano na unga mwekundu. Hapa kwetu vyombo vya jengo zima hupangwa mezani kwenye korido, mbele ya mlango wa sumaku, kila mmoja analeta chake. Baban ndiye aliyekuwa akiingia peke yake na sahani ya shaba kuitia sumaku alama na shada la maua, wengine wakikaa nje.

Leo korido ilikuwa bwawa. Dari liliporomoka kipande usiku. Mtu akasema, tuingize meza chumbani, sumaku mwenyewe ndiye bwana harusi. Wakacheka, wakakubali. Mimi nilikuwa mlangoni na kikapu changu. Nilipokea saa, funguo, bangili, na kila chombo cha chuma. Watu wote walikuwa na nguo mpya.

Shangazi Kusum akaja na taa ya shaba ya ibada. Akaniona. Akanishika kiwiko, akaninong'oneza, na sauti yake ilikuwa ya mama kwa mwanawe: "Binti yangu, sasa wanaanza. Usisimame mlangoni. Wapo watakaosema mjane kakatiza taa, mwaka mzima watakutupia wewe kila balaa. Sitaki wakuseme. Nenda ngazini, nitakuletea peremende za ibada."

Nilimtazama Profesa. Alikuwa amesikia. Akageuka kuweka sawa maua.

Nikaweka kikapu chini. Nikaenda ngazini, nikakaa.

Nilisikia kengele, nikasikia wakiimba. Kisha Ghorpade akanipita anakimbia, amechelewa, shati jipya la njano. "Shemeji, mbona huku?" Hakungoja jibu. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kitambaa chekundu. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso, sikutaka anione machozi. Nilijua baadaye kwamba ni spana yake kubwa, aliyoachiwa na baba yake. Kila mwaka huileta, na kila mwaka meza ilikuwa huku nje.

Kishindo kimoja. Kama mlango wa chuma uliofungwa na upepo. Kisha mlio, mrefu, kama birika la watu elfu. Nikajua. Baban aliwahi kunielezea mlio huo wa heliamu ikitoroka, ila yeye hakuwahi kuusikia.

Nilikimbia kwenda, wao wakikimbia kutoka. Moshi mweupe ulikuwa unamwagika juu ya sumaku, unajaza dari, unashuka. Ukibaki humo unakosa hewa huku umesimama. Nikapiga kelele, "Tokeni! Acheni vyombo!" nikamvuta shangazi Kusum aliyekuwa ameganda na taa yake. Nikamvuta dada Iravati, aliyekuwa anarudi kwenye kompyuta. "Tando, wifi! Tando zangu!" Nikamwambia tando hazihitaji hewa, wewe unahitaji.

Hakuna aliyeumia. Ghorpade alikaa chini kwenye maji ya korido na shati lake jipya, akishika kichwa. Hakuchekesha mtu.

Mlio ulikwisha taratibu. Kisha tukasikia mvua.

Oktoba 2

Dasara. Sikutoka.

Oktoba 6

Wakubwa wawili walikuja, tukaitwa sote. Heliamu haitanunuliwa. Kuiamsha sumaku ya zamani hivi ni ghali kuliko thamani yake, wamesema. Bunda la nne ndilo lilikuwa ndani, halikumaliza hata pembe moja. Dada Iravati alisikiliza ameuma midomo.

Kisha mkubwa mmoja akauliza: "Mlangoni alikuwa nani?"

Profesa akavua miwani.

"Mimi," nikasema.

"Ulikuwepo spana ilipopita?"

"Nilikuwa ngazini."

"Kwa nini?"

Shangazi Kusum alikuwa mbele yangu. Alitazama mikono yake. Nikakumbuka hospitali, na uji ule, vuguvugu si moto. Nikaona wanawake wote chumbani wakitazama chini, kila mmoja anajua kwa nini. Nikangoja. Kweli nilingoja, mtu yeyote aseme.

"Niliondoka mwenyewe," nikasema.

Wakaandika.

Oktoba 8

Majaribio yangu yameongezwa. Nimehamishiwa jengo la nyuma, kuosha vyombo vya vioo. Ghorpade alikwenda kusema kosa ni lake, wakamwambia na yeye lake analo.

Shangazi Kusum alinifuata hadi bombani. Macho mekundu. "Ungesema, binti yangu."

"Ungesema wewe, shangazi."

Akasimama pale. Nilikuwa nimempenda, na nadhani bado nampenda, ndiyo maana inauma namna hii. Nikaendelea kuosha.

Oktoba 11

Mvua imekatika. Anga lote bluu.

Oktoba 13

Dada Iravati amekwenda Hyderabad, huko wako na sumaku watakayomwazima siku chache. Nilimfungia mabunda mwenyewe, karatasi laini, mishale yote juu. Stesheni alinishika mkono dirishani. "Kwenye kitabu changu jina la Baban litakuwemo, na lako." Nikamwambia andika kwanza kitabu. Treni ikaondoka.

Chumba sasa kiko wazi, mlango umeegemezwa tofali. Nilipita na ndoo ya chuma mkononi nikaingia nayo mpaka ndani. Hakuna kilichonivuta. Nikaweka kiganja kwenye tumbo la sumaku. Vuguvugu, kama ukuta wowote.

Oktoba 18

Amepiga simu. Myembamba yote! Inahama kwa kila pembe kama alivyotaka. Huko wanamsifu, na madaktari wa watoto wameomba kipande cha kujaribia. Alikuwa anacheka na kutapika, ndiyo, ni mambo ya maharusi. Nilifurahi mpaka nikageuka kumwambia mtu, na pale bombani palikuwa na vioo tu.

Oktoba 19

Jioni nimemweleza mama mkwe yote, maana nilikuwa nimemwambia tu kwamba sumaku imeharibika. Alikuwa anachambua dengu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Baban angezifurahia hizo plastiki," akasema.

"Angefurahi sana, mama."

Akachambua. Kisha akauliza, "Ule mlango. Uliondoka au uliondolewa?"

"Niliondolewa."

"Walikubeba?"

"Hapana, mama. Nilikwenda kwa miguu yangu."

"Mimi pia." Akaacha dengu. "Baba yake Baban alipokufa nilikuwa na umri kama wako. Hakuna aliyeniambia kitu. Taa ilipowashwa mimi mwenyewe nilikwenda jikoni, na kila mwaka nimekwenda jikoni. Arusi ya Baban, ibada ilipoanza, nilikuwa jikoni. Sikuona alivyokuvisha mkufu. Niliambiwa."

Sikuwa najua. Siku ile nilikuwa nimeinamisha uso, nilidhani yuko karibu yangu.

"Mama..."

"Nyamaza, sijamaliza. Mimi nilidhani nawakinga na nuksi. Kumbe chombo kizima kimekufa kwa sababu mlinzi wake alikuwa na adabu." Akasukuma sinia kando. "Kesho kutwa majirani wanawasha taa za Diwali. Watakuja kutuambia kwa upole tupumzike ndani. Wewe utasimama mlangoni na mwanao. Sawa?"

"Na wewe?"

Alilivuta tena sinia. Chimi alikuwa amekwisha kumwaga nusu ya dengu chini, hakuna aliyemkataza.

"Nitajaribu," akasema. "Miguu yenyewe imezoea jikoni. Utanishika."

Nikasema nitamshika.